Umesoma biashara na unataka uzamili wa hisabati ya fedha? Dhana hizi si kweli

"Ukipata alama za juu GRE, mtihani wa kuombea uzamili, udhaifu wa hesabu hauonekani tena."

Dhana hii inawaumiza wengi. Sehemu ya hesabu ya GRE, hata ukipata 170 kwa 170, haina swali hata moja la kalkulasi. Inapima hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na usomaji wa data: mambo ya sekondari. Vyuo vya Marekani kama Carnegie Mellon au Baruch College ya New York vinataka kuona umesoma kalkulasi ya vigeugeu vingi, aljebra ya mstari na uwezekano, na kwamba unaweza kuandika programu.

Hawadai hayo kwa ukaidi. Chukua swali hili maarufu la usaili: hisa A na B zina korelesheni (kipimo cha jinsi zinavyopanda na kushuka pamoja) ya 0.9, B na C nazo 0.9. Korelesheni ya A na C inaweza kushuka hadi wapi? Ni rahisi kudhani inaweza kufika sifuri. Haiwezi kupungua chini ya 0.62. Zidisha 0.9 kwa 0.9 upate 0.81, kisha toa 0.19 (yaani 1 kutoa 0.81), kwa sababu determinanti, namba inayokokotolewa kutoka matriki (jedwali) ya korelesheni hizo, haiwezi kuwa hasi. Asiyelijua hilo anaweza kumpelekea bosi wake hesabu za hatari ambazo haziwezekani kabisa.

"Aliyesoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu) na BAM (hesabu za msingi za kidato cha tano na sita) asijisumbue kuomba."

Ajisumbue, tena mapema. BAM ilikugusisha tofautisho, intigrali na matriki. Msingi upo, ni mwembamba tu. Kinachokosekana ni kozi za juu zaidi zenye alama rasmi. Mihadhara ya Gilbert Strang wa MIT kuhusu aljebra ya mstari inapatikana bure mtandaoni na ni mizuri mno, lakini wanaochagua wanafunzi hawana namna ya kuona ulichoelewa ukiwa chumbani kwako. Jisajili kozi mojamoja katika chuo kilicho karibu, au semina za maandalizi zinazoendeshwa na Baruch. Kwa maoni yangu, A mpya ya kalkulasi huitetea C ya mwaka wa kwanza kuliko barua ndefu ya kujieleza.

"Nina CPA ya uhasibu, au CFA ya uchambuzi wa uwekezaji, inatosha."

Vyeti hivyo vinaonyesha kwamba unaijua fedha. Kwenye CFA unaelezwa fomula ya Black-Scholes ya 1973, ya kukadiria bei ya opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa), na namna ya kuitumia. Kwenye uzamili huu unatakiwa uifikie mwenyewe, hatua kwa hatua, ukianzia mwendo wa Brown, yaani modeli ya mabadiliko ya kubahatisha.

"Bila mamilioni ya ada, sahau."

WorldQuant University inafundisha shahada ya uzamili ya uhandisi wa fedha mtandaoni bila ada. Ila mwombaji hupewa kwanza mtihani wa hesabu, kwa hiyo daftari la kalkulasi lifunguliwe kabla ya fomu.