Kiendelezi kimewekwa, mbona tovuti haikioni?

Ujumbe wenyewe ni mfupi: Call to undefined function mysqli_connect(). Tovuti iliyokuwa ikifunguka jana leo ni ukurasa mweupe, na mwenye tovuti yuko kwenye simu. PHP, lugha inayoendesha tovuti hiyo, inasema haina kiendelezi, yaani kipande cha kuongezea, cha kuongea na hifadhidata ya MySQL; kipande hicho kinaitwa mysqli. Wewe una hakika umekiweka. Mara nyingi nyote wawili mnasema kweli, na hapo ndipo dhana potofu zinapoanza kula usiku wa watu.

Dhana: "Nimeandika php -m, mysqli imo kwenye orodha. Tatizo si kiendelezi."

Hii ndiyo inayopoteza muda kuliko zote. Kwenye Ubuntu na Debian, PHP unayoiita kwenye terminali siyo ile inayohudumia tovuti, na kila moja ina mipangilio yake. Chukua Ubuntu 22.04, inayokuja na PHP 8.1. PHP ya terminali husoma /etc/php/8.1/cli/php.ini. PHP-FPM, yaani PHP inayokaa peke yake ikingoja maombi ya tovuti, husoma /etc/php/8.1/fpm/php.ini. Ile inayokaa ndani ya Apache, programu ya seva ya tovuti, ina lake, /etc/php/8.1/apache2/php.ini. Unaweza kuhariri faili la cli mpaka alfajiri, tovuti isijue kitu.

Hata matoleo huachana. Umeongeza hazina ya nje ya vifurushi, apt (amri ya kusakinisha programu) ikaleta 8.3, amri ya php ikahamia huko, na tovuti imebaki 8.1. Ukiiuliza terminali hali ya tovuti, umempima jirani homa ukamwacha mgonjwa kitandani.

Muulize mgonjwa mwenyewe. Weka faili dogo lenye phpinfo(), inayoonyesha hali ya PHP, kwenye folda ya tovuti, lifungue kwa kivinjari, kisha soma mistari miwili: Server API na Loaded Configuration File. Hiyo ndiyo PHP yako, na hilo ndilo faili lake. Ukishamaliza lifute papo hapo, tafadhali sana, kwa sababu linamwanikia kila mpita njia mambo ya ndani ya seva yako.

Dhana: "Nimeshawasha upya Nginx, bado."

Nginx, seva ya tovuti kama Apache, haipakii kiendelezi hata kimoja cha PHP. Inapokea ombi na kulikabidhi kwa PHP-FPM kupitia soketi, yaani faili la mawasiliano kati ya programu, kwa mfano /run/php/php8.1-fpm.sock. Wa kuwashwa upya ni huyo: sudo systemctl restart php8.1-fpm. Kama PHP iko ndani ya Apache, basi ni apache2. Na ukikutana na kosa la 502 mara tu baada ya kupandisha toleo, tazama kama mipangilio ya Nginx bado inataja soketi ya toleo la zamani.

Dhana: "Piga chmod 777, itakubali."

Haitakubali. Amri hiyo humpa kila mtu ruhusa zote kwenye faili. Function isiyojulikana na PHP haina uhusiano na ruhusa za folda za tovuti, na umefungua mlango kwa yeyote atakayeingia kwenye mashine hiyo. Usifanye hivyo, hata kwa majaribio.

Dhana: "Nitanakili faili la .so kutoka seva nyingine."

Faili hilo ndilo kiendelezi chenyewe. Kila kiendelezi huundwa kwa ajili ya toleo moja la PHP, na namba za API, zinazotambulisha toleo hilo, zinakusimulia. Ukiona kwenye logi kwamba moduli ni 20190902 na PHP ni 20210902, maana yake umeleta kiendelezi cha 7.4 kwenye 8.1. Sakinisha kifurushi cha toleo lako: sudo apt install php8.1-mysql. Angalia jina hilo vizuri, kwani wengi hutafuta php8.1-mysqli wakakosa. Kifurushi cha mysql ndicho kinacholeta mysqli pamoja na pdo_mysql, kiendelezi cha PDO, njia nyingine ya PHP kuongea na hifadhidata. Kikiwapo lakini kimezimwa, sudo phpenmod mysqli hukiwasha, halafu unaanzisha upya FPM.

Dhana: "mysql_connect() haipo, kwa hiyo kuna kifurushi nimekisahau."

Soma tena jina: halina herufi i. Kiendelezi hicho cha zamani kiliondolewa katika PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, na hakuna kifurushi rasmi kitakachokirudisha. Kazi imehama kutoka kwenye seva kwenda kwenye msimbo: uandike upya kwa mysqli au PDO. Kubadilisha majina peke yake hakutoshi, kwa sababu mysqli_query() hutaka muunganisho utangulie, ndipo lifuate swali la hifadhidata (query), kinyume cha mysql_query() uliyoizoea.