Una selimundu na umempenda mtu: maswali tunayoulizwaga sana huku Mwanza

Nimepata mkaka wa Igoma, tunapendana kweli, nimwambie lini kama nina selimundu?

Sio lazima umwage yote siku ya kwanza mmekaa mnakula sato, ila usingoje posa ifike nyumbani ndo uanze kujieleza. Mi naonaga muda mzuri ni pale mnapoanza kupanga mambo ya mbele, na umwambie siku uko fresh kabisa, sio unampigia usiku ukiwa wodini unalia, maana hapo atakuonea huruma tu halafu utashindwa kujua kama amekubali au amekuhurumia. Usimpe lekcha. Mwambie vitu anavyoweza kushika: "Seli zangu za damu zinajikunja zinaziba mishipa, kuna siku mifupa itaniuma mpaka nashindwa kushika simu, siku hiyo usipoona jibu jua sijakununia." Hilo la simu usiliruke, wengi wanagombana hapohapo, mmoja yuko kwenye krisis, yaani yale maumivu makali yamembana, mwingine anahesabu meseji za tiki mbili.

Anaweza kuambukizwa?

Hapana. Hata mkilala pamoja miaka 40. Ni ya kurithi.

Na watoto je?

Hapa ndo pa kukaa kidogo. Wewe una SS, yaani umerithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama. Mwenzio akiwa AA, yaani hana jeni hiyo kabisa, watoto wote watakuwa AS, yaani wabebaji wenye jeni moja tu, hawaumwi kama wewe. Akiwa AS, kila mimba ni nusu kwa nusu kupata mtoto wa SS. Na wabebaji wawili wakioana kila mimba ina asilimia 25 ya SS, nasema KILA mimba, kuna watu wanapigaga hesabu kwamba wa kwanza akiumwa basi watatu wanaofuata wamepona, sio hivyo. Kanda ya Ziwa wabebaji wapo wengi kwa sababu malaria imekaa huku miaka na miaka na mwenye AS malaria kali haimuui kirahisi, kwahiyo mtu mzima asiyewahi kuumwa anaweza kuwa AS na hajui.

Mkienda kupima msiishie kile kipimo cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja, hicho hakitofautishi AS na SS. Ombeni elektroforesisi ya himoglobini, hicho ndo kipimo cha damu kinachoonyesha kama ni AA, AS au SS, kama kituo chenu hawana waulizeni wawape rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando. Mkiona majibu uamuzi ni wenu wawili, sio wa shangazi.

Tendo la ndoa linaleta krisis?

Lenyewe sio tatizo, tatizo ni kuchoka sana, baridi na kukosa maji mwilini. Kunywa maji kabla na baada, usioge maji ya baridi, na kama mlikuwa ufukweni upepo wa jioni ukaanza vaa sweta bila aibu. Kwa wanaume kuna kitu wanakificha sana: uume kusimama wenyewe na kuuma bila kutulia. Ukipita masaa 4 hiyo ni emajensi, nenda usiku huohuo, ukiendelea kuona aibu unaweza kupoteza nguvu za kiume moja kwa moja.

Wakwe wanasema mwenye selimundu hawezi kuzaa

Wengi wanazaa. Ila mimba yake ni ya hatari zaidi, kliniki anaanza mapema na anajifungulia hospitali kubwa yenye damu ya kuongeza, hapa sio pa kubahatisha. Kama unatumia haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza krisis, mwone daktari kabla hamjaanza kutafuta mtoto, na mwanaume vilevile maana inaweza kupunguza mbegu. Usiiache kimyakimya mwenyewe. Na kama hamtaki mtoto kwa sasa, sindano ya miezi mitatu kwa kawaida inawafaa kuliko vidonge vya mchanganyiko vyenye estrojeni, hivyo vinaongeza hatari ya damu kuganda.

Mimi ni mzima, mpenzi wangu ndo anaumwa, nifanyeje?

Acha kumuuliza "unajisikiaje" kila dakika, inachosha jamani. Jua kadi yake ya kliniki inakaa wapi, dawa zake za maumivu anaanza na ipi, neti ipo na haina matundu. Joto likifika 38 msingoje asubuhi, na kifua kikianza kubana au mdomo ukaenda upande chukua bodaboda, bajaji, chochote, twende.