Usimtengenezee mtoto kiti cha mwakani

"Fundi, kiache kikubwa kidogo, maana bado anakua." Wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo huniambia hivyo karibu kila mara, na ninawaelewa: kiti ni gharama, na sare ya shule ndivyo inavyonunuliwa. Lakini sare ikipwaya, mtoto anakunja mikono ya shati, basi. Kiti kikipwaya, mwili unaporomokea ndani yake.

Mimi naanzia kwenye nyonga. Ikiinama upande mmoja, uti wa mgongo unapinda, bega linashuka, kichwa kinahangaika kutafuta pa kuegemea. Kwa hiyo kabla sijagusa ubao namkalisha mtoto kwenye benchi gumu, mama akiwa mbele yake amemshika mikono, nami naishika nyonga huku na huku nione kama inanyooka kwa kusaidiwa kidogo au imeshakaza. Inayonyooka, naitengenezea kiti cha kuishikilia hapo. Iliyokaza, kiti ndicho kitakachoufuata mwili ulivyo. Kumnyoosha kwa nguvu ni kumtesa bure.

Kina cha kiti ndicho kinachoharibu wengi. Napima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, halafu napunguza sentimita 3 hadi 6. Kikizidi hapo, ukingo unamzuia kukunja goti, naye anateleza mbele mpaka anakalia mgongo. Nyumbani wanasema "huyu hapendi kukaa". Angependaje? Upana unafuata nyonga, na kibao cha miguu kinapandishwa mpaka mapaja yalale sawa kwenye kiti.

Anayekakamaa na kujitupa nyuma mara nyingi hutulia nyonga zikikunjwa vizuri na mkanda ukipita kwenye mkunjo wa paja na kiuno, ukivutwa chini na nyuma. Usipite juu ya tumbo. Mkanda wa kifuani peke yake siufungi kabisa: akiteleza, unamkaba shingo.

Na kukua je? Kukua tunakupangia ndani ya kiti chenyewe: ubao wa mgongo unaorudishwa nyuma kwa boliti, matundu kadhaa ya kushushia kibao cha miguu, sponji za pembeni zinazopunguzwa anaponenepa. Leo kinamtosha, mwakani tunalegeza nati.

Si lazima kiwe cha mbao wala chuma. Ipo mbinu iliyoendelezwa Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer, ya kutengeneza samani kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa gundi ya unga uliopikwa. Tabaka zikipangwa vizuri na kukauka sawasawa, kiti kinambeba mtoto bila wasiwasi, tena maboksi yanakatika kufuata umbo lolote, jambo ambalo plaiwudi inakusumbua nalo. Adui yake ni maji. Kwa mtoto anayejikojolea, usikitoe kabla hujakipaka vanishi kila pembe, hata chini, na umtengenezee mto wenye foronya isiyopitisha maji.

Kabla hawajaondoka kuna kipimo kimoja nisichokiruka, hasa kwa mtoto wa mgongo wazi (aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri) asiyehisi makalio yake, maana kidonda cha kugandamizwa kitaanza na yeye hatalia. Kimo kwenye mafunzo ya viti vya magurudumu ya Shirika la Afya Duniani, na kinahitaji vidole tu. Mtoto akiwa amekaa wima, ingiza ncha za vidole kati ya mto na mfupa wa kalio. Ukiweza kuvichezesha juu na chini milimita 5 au zaidi, ni salama. Visipocheza lakini vinachomoka kwa urahisi, hiyo ni tahadhari. Vikibanwa mpaka unavichomoa kwa shida, mto huo haufai, badilisha. Halafu pima na kalio la pili, kwa sababu nyonga iliyoinama hulemea upande mmoja.