Je, Wajua Kwa Nini Studio ya Rocksteady Ilipaa na Batman Kisha Ikaanguka na Suicide Squad?

Agosti 2009 studio ya Rocksteady ya jijini London, ambayo hadi wakati huo ilikuwa imetoa gemu moja tu, ilitoa Batman: Arkham Asylum, na muda si mrefu kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kikaitaja kuwa gemu ya shujaa wa vibonzo iliyosifiwa na wahakiki kuliko zote zilizotangulia. Februari 2024 studio ileile ilitoa Suicide Squad: Kill the Justice League, gemu inayoendeleza hadithi ya ulimwengu uleule lakini ambamo mchezaji ni mmoja wa kikosi cha wahalifu waliotumwa kuwaua mashujaa wa Justice League, Batman akiwa mmoja wao, na miezi mitatu baadaye kampuni inayoimiliki, Warner Bros. Discovery, ilieleza katika taarifa yake ya fedha kwamba imebeba hasara ya dola milioni 200 kwa sababu ya gemu hiyo. Wengi hueleza anguko hilo kwa neno moja, tamaa. Neno hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwa kuwa hata Arkham Asylum ilitengenezwa ili iuzwe na ilete faida. Ninavyoona mimi, jibu liko karibu zaidi na mchezaji mwenyewe: liko katika kile ambacho vidole vyake vinafanya anapobonyeza vitufe, na katika swali kama kitendo hicho ni cha shujaa anayemwona kwenye skrini au ni kitendo ambacho mhusika yeyote angeweza kukifanya.

Ili kuona uzito wa swali hilo, inafaa kukumbuka kwamba gemu za mashujaa wa vibonzo zilikuwa na sifa mbaya kwa miaka mingi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni gemu ya Superman iliyotengenezwa na kampuni ya Titus ya Ufaransa kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64 mwaka 1999, ambamo mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani alitumia sehemu kubwa ya muda wake kupita ndani ya pete zilizoning'inia hewani, katikati ya ukungu uliofunika jiji. Gemu nyingine nyingi zilifungamanishwa na filamu, hivyo zikalazimika kutoka siku ambazo filamu zinatoka hata kama kazi haijaiva. Zipo zilizofaulu, na Spider-Man 2 ya mwaka 2004 bado inakumbukwa kwa sababu utando wa shujaa ulinata kwenye majengo yenyewe badala ya kunata angani, lakini kwa jumla mchezaji aliyenunua gemu ya shujaa alikuwa ananunua jina na vazi lake. Ukimvua vazi hilo, alibaki mtu anayepiga ngumi kama mtu wa gemu nyingine yoyote.

Rocksteady iliundwa mwaka 2004 na Sefton Hill na Jamie Walker, baada ya kampuni ya Argonaut Games waliyokuwa wakiifanyia kazi kufungwa. Walipopata nafasi ya kumtengeneza Batman chini ya mchapishaji Eidos, hawakufungwa na filamu yoyote, na hilo liliwapa uhuru wa kuchagua mahali padogo: usiku mmoja, kisiwa kimoja, hospitali moja ya wahalifu wenye wazimu, Arkham, ambayo Joker, adui mkuu wa Batman, ameiteka. Hadithi aliiandika Paul Dini, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa mfululizo wa katuni za Batman ulioanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1992, na sauti za Kevin Conroy na Mark Hamill, waliokuwa Batman na Joker wa katuni hizo, zikarudi. Hayo yalisaidia sana, lakini sauti nzuri haijawahi kuokoa gemu inayochosha.

Kilichoiokoa ni mapigano. Katika majaribio ya mwanzo, watengenezaji waliyajenga mapigano hayo kama mchezo wa mdundo, ule ambao mchezaji hubonyeza kitufe kwa kufuata mapigo, na katika jaribio jingine waliwaweka wapiganaji kama duara za rangi zinazogongana kwenye skrini bapa. Ndiyo maana gemu iliyokamilika ina vitufe vichache vya msingi: kimoja cha kupiga, kimoja cha kujibu pigo, kimoja cha kumtatiza adui kwa joho, kimoja cha kukwepa. Adui anapokaribia kupiga, alama huonekana juu ya kichwa chake, na mchezaji anayebonyeza kwa wakati humwona Batman akiushika mkono wa adui huyo na kumwangusha, kisha akiruka mita kadhaa hadi kwa adui mwingine bila kukatiza mwendo. Ukibonyeza ovyo, mnyororo wa mapigo unakatika na unaonekana mzembe. Ukitulia na kufuata mdundo, watu kumi wanakuzunguka na hakuna anayekugusa. Hapo ndipo ujanja wote ulipo, kwa sababu Batman anajulikana kuwa mtu asiye na nguvu za ajabu ambaye hushinda kwa utulivu na nidhamu, na gemu ilimdai mchezaji utulivu huohuo.

Upande wa pili ulikuwa vyumba vya kuvizia, ambavyo kwangu ndivyo kazi bora zaidi ya studio hii. Humo maadui wana bunduki, na risasi chache tu zinatosha kumwua Batman, kwa hiyo ngumi za waziwazi hazisaidii. Mchezaji hukaa juu gizani, kwenye vinyago vya mawe vilivyochongwa karibu na dari, na kuwachukua maadui mmoja mmoja. Kadiri wanavyopungua ndivyo waliobaki wanavyoogopa: wanatembea wakigeuka nyuma, wanasimama kwa kupeana migongo, wanafyatua risasi kwa kivuli, huku Joker akiwakemea kupitia vipaza sauti. Mchezaji akiwasha miwani ya upelelezi anaweza hata kuona jinsi mapigo ya mioyo yao yanavyokwenda. Jambo lililosimuliwa kwa miongo mingi, kwamba silaha kuu ya Batman ni hofu ya wahalifu, sasa lilikuwa limegeuzwa kuwa kipimo ambacho mchezaji anakiona kikipanda kwa matendo yake mwenyewe.

Uangalifu wa namna hiyo ulienea mpaka mahali ambapo hapakuwa na faida ya wazi. Vazi la Batman linachanika kadiri usiku unavyosonga. Katika sehemu moja ya adui aitwaye Scarecrow, picha inakatika kana kwamba mashine imeharibika, kisha gemu inaanza upya kutoka mwanzo huku Joker na Batman wakiwa wamebadilishana nafasi, na wachezaji wengi waliamini kweli kwamba mashine zao zimekufa. Nyuma ya ukuta mmoja katika ofisi ya msimamizi wa hospitali kulikuwa na chumba cha siri chenye ramani ya gemu ijayo, na ukuta huo haukuonyesha alama yoyote kwamba unaweza kubomolewa. Ilipita miezi mingi bila mtu kukigundua, mpaka studio yenyewe ilipolazimika kueleza kilipo.

Mapokezi yalilingana na kazi. Arkham Asylum ilipata wastani wa alama zaidi ya 90 kati ya 100 kwenye tovuti ya Metacritic, ambayo hukusanya tathmini za wahakiki, na mwaka 2010 ikashinda tuzo ya gemu bora ya BAFTA nchini Uingereza. Februari mwaka huohuo Warner Bros. ilinunua sehemu kubwa ya hisa za studio. Ramani iliyofichwa ikawa Batman: Arkham City ya Oktoba 2011, iliyofikisha alama 96 kwenye PlayStation 3, ikiwa na kipande cha jiji la Gotham kilichozungushiwa ukuta na kugeuzwa gereza. Pambano lake na Mr. Freeze bado linatajwa kama mfano wa kufundishia, kwa kuwa adui huyo hujifunza: mbinu iliyomuumiza mara moja haifanyi kazi mara ya pili, na mchezaji hana budi kutumia kila kifaa alichonacho. Hata hivyo, dalili moja ndogo ilikuwa imejitokeza. Sehemu ambazo mchezaji humcheza Catwoman, mwizi wa kike, badala ya Batman zilifunguliwa kwa namba ya siri iliyotumika mara moja tu, hivyo aliyenunua diski iliyokwisha kutumika alilazimika kulipa tena ili azipate.

Gemu ya tatu ya studio hiyo katika mfululizo huu, Batman: Arkham Knight ya Juni 2015, iligawanya watu. (Arkham Origins ya mwaka 2013 ilitengenezwa na studio nyingine, WB Games Montréal.) Kwenye PlayStation 4 na Xbox One ilisifiwa kwa uzuri wa jiji lake la mvua na taa, lakini toleo la kompyuta, ambalo sehemu kubwa ya kazi yake ilipewa kampuni ya nje, lilitoka likiwa limeharibika kiasi kwamba lilisimamishwa kuuzwa siku chache tu baadaye, wanunuzi wakarudishiwa fedha, na halikurudi sokoni hadi mwishoni mwa Oktoba. Lawama nyingine, na hii ndiyo inayogusa hoja yangu, ilihusu gari la Batman. Lilipokimbia barabarani lilipendeza, lakini lilipogeuka kuwa kifaru cha kupigana na vifaru vingine, tena na tena, wachezaji wengi waliona kwamba mtu wanayemcheza si Batman tena. Mizinga ilikuwa imechukua nafasi ya kivuli.

Kuanzia hapo, ukiondoa gemu fupi ya uhalisia pepe ya mwaka 2016, studio ilikaa kimya kwa miaka mingi. Suicide Squad ilitangazwa Agosti 2020, ikaahirishwa zaidi ya mara moja, na kabla haijatoka Hill na Walker waliondoka mwishoni mwa mwaka 2022. Ilipotoka Februari 2, 2024, ilikuwa na mambo ya kusifiwa: nyuso za wahusika zilionyesha hisia kwa ustadi mkubwa, maigizo ya sauti yalikuwa mazuri, na kila mmoja wa wahusika wanne alikuwa na namna yake ya kuvuka jiji la Metropolis. Deadshot anaruka kwa mtambo wa mgongoni, King Shark anachupa kama mnyama, Captain Boomerang anakimbia kwa kasi aliyoiiba, Harley Quinn anabembea kwa kamba ya Batman. Lakini wakifika kwenye pambano, wote wanne wanafanya jambo moja. Wanafyatua bunduki, wakilenga madoa ya zambarau yanayong'aa kwenye miili ya viumbe wa angani. Papa mwenye miguu, ambaye angeweza kung'ata, anashika bunduki nzito. Mtu ambaye jina lake lenyewe ni silaha ya kurusha anashika bunduki naye.

Chanzo cha jambo hilo kimo katika namna gemu ilivyokusudiwa kuuzwa. Gemu ya zamani ilinunuliwa mara moja ikaisha. Hii ilipangwa kuendelea kwa misimu, kila msimu ukileta mhusika mpya, mavazi ya kununua na silaha za kukusanya. Ili mchezaji awe na sababu ya kurudi kila wiki, lazima kuwe na silaha nyingi zinazotofautiana kwa tarakimu ndogondogo, na ili silaha hizo zimfae kila mhusika, lazima kila mhusika awe mpiga bunduki. Tabia ya shujaa ni kitu kimoja kisichogawanyika. Bunduki inaweza kutolewa kwa mamia. Vivyo hivyo, misheni zilipaswa kurudiwa, kwa hiyo zikafanywa zifanane: linda kitu hiki, ua maadui hawa kwa aina hii tu ya shambulio, rudi kesho. Wahakiki waliona, na wastani wa alama ulishuka hadi karibu na 60.

Tena gemu hiyo ilihitaji intaneti wakati wote, hata kwa anayecheza peke yake. Katika saa za kwanza za wale waliolipa zaidi ili waanze mapema, seva zilizimwa kwa sababu baadhi yao waliingia wakakuta gemu imekwisha kumalizwa bila wao kuicheza. Kwa mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayehesabu megabaiti za bando lake, sharti hilo peke yake lilikuwa mlango uliofungwa, ilhali Arkham City ingeweza kuchezwa mwanzo hadi mwisho bila kuunganishwa popote.

Kuna jambo lililowauma mashabiki kuliko tarakimu. Kevin Conroy alifariki Novemba 2022, na kazi yake katika gemu hii ni miongoni mwa za mwisho alizomwigiza Batman. Ndani yake Batman anatawaliwa na adui, anashindwa, na Harley Quinn anampiga risasi akiwa ameketishwa kwenye benchi, amefungwa. Mtu ambaye wachezaji walimvaa kwa miaka 15, waliyejifunza utulivu wake kwa vidole vyao, anakufa katika kipande cha video huku wao wakitazama. Nadhani hadithi hiyo ingeweza kusameheka endapo mikono ya mchezaji ingepewa kitu kipya chenye thamani ya kile ilichonyang'anywa.

Desemba 2024 studio iliongeza njia ya kuicheza gemu hiyo bila intaneti, ikatangaza kwamba msimu utakaoanza Januari 2025 ndio wa mwisho. Katika hitimisho la msimu huo ilielezwa kwamba Batman aliyeuawa hakuwa Batman halisi, na kwamba yule wa kweli yu hai. Alirudi kwa katuni fupi ya kutazama, na katika muda wote wa kurudi kwake hapakuwa na kitufe hata kimoja cha kubonyeza.