Tiara haipandishwi kwa mbio

Kila Jumamosi tunapokutana Coco Beach hakosi mtoto mmoja, mara nyingi na baba yake akimhimiza kwa nyuma, anayekimbia mchangani huku tiara ikiburuzika kisogoni kwake. Anakimbia hadi pumzi zinamwishia, anageuka, anaikuta imelala kifudifudi, anaiokota na kuanza upya. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa miaka kadhaa sasa ni mmoja wa wasimamizi wa klabu ndogo ya watu wanaotengeneza na kurusha tiara hapa Dar es Salaam, kwa hiyo swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, mbona yangu haipandi?" Jibu langu la kwanza huwa ni kumwomba mwulizaji aache kukimbia. Jibu la pili ni refu, nalo ndilo nililokusudia kuliandika hapa.

Kuna wanaosema kishada na kuna wanaosema tiara, na klabuni hatugombanii jina. Ila tiara ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na Waarabu hulitumia neno lao hilohilo kwa eropleni. Naona limepatia, kwa sababu tiara ni bawa lililofungwa uzi, basi. Upepo ukiigonga ikiwa imeinama kidogo, huisukuma nyuma na kuiinua juu kwa wakati mmoja. Uzito wake unaivuta chini, na uzi unaizuia isichukuliwe. Nguvu hizo zikilingana, inatulia hewani. Anayekimbia anajitengenezea upepo wake mwenyewe, nao ni upepo mbovu: unaanza ghafla, unakatika ghafla miguu inapochoka, na kwa kuwa mkimbiaji huwa amefungua uzi mfupi tu, tiara inabaki palepale chini ambapo hewa imevurugika. Baya zaidi ni kwamba anayekimbia huitazama njia, haitazami tiara, na kwa hiyo haoni kamwe kosa lilikuwa wapi.

Jambo la kwanza la kuelewa kuhusu upepo ni kwamba nguvu yake haiongezeki sawasawa na kasi yake, bali kwa mraba wa kasi hiyo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa hauvuti mara mbili ya ule wa kilomita 10, unavuta mara nne. Wa kilomita 30 unavuta mara tisa. Ndiyo maana tiara iliyokuwa mchezo wa mtoto saa tano mchana inaweza kukata uzi saa kumi alasiri, ilhali mtu aliyesimama mchangani anahisi tu kwamba "upepo umechangamka kidogo".

Jambo la pili ni usafi wa upepo, na hapa ndipo ufuo unapoizidi mitaa yote. Upepo unaopita juu ya nyumba, miti na kuta hujikunja na kuzunguka nyuma ya vitu hivyo kama maji ya mto nyuma ya jiwe. Kanuni tunayoitumia klabuni ni kwamba vurugu hiyo huendelea kwa umbali wa mara kumi ya kimo cha kizuizi, yaani mnazi wa mita 15 huharibu upepo kwa mita 150 upande unakoelekea. Upepo uliotoka baharini haujakutana na kizuizi chochote isipokuwa mawimbi. Si ajabu kwamba mambo makubwa ya tiara yalifanyikia kwenye fukwe: tarehe 12 Novemba 1894, Lawrence Hargrave alijiinua takribani mita 5 kutoka ardhini kwa tiara nne za umbo la sanduku kwenye ufuo wa Stanwell Park, Australia, na mwaka 1900 ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikwenda hadi kwenye michanga ya Kitty Hawk kufuata upepo wa kutegemewa, wakairusha ndege yao ya kwanza isiyo na injini zaidi kama tiara, kwa kamba, kuliko kama chombo cha kupanda mtu.

Sisi hatuna haja ya kusafiri, lakini tuna kalenda ya kuiheshimu. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huanza kushika Mei na kuendelea hadi Septemba. Kwa kuwa Coco Beach inatazama mashariki, pepo zote mbili hutufikia kutoka upande wa maji, kila mmoja kwa pembe yake. Katikati ya misimu hiyo ni tangambili, wakati upepo unapokuwa na maleleji, leo huku kesho kule, na katika majuma hayo sisi hutengeneza zaidi kuliko kurusha. Saa nayo ina uzito wake. Wageni hupenda kuja asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, wakakutana na umande, upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, ambao wavuvi wa ngalawa huutumia kutokea. Kwa mvuvi ni neema; kwa mrusha tiara ni upepo dhaifu uliokwisha kupita juu ya mapaa ya Oysterbay nzima, na tena unaipeleka tiara baharini. Ardhi ikishapata joto la kutosha upepo hugeuka, na alasiri ndipo unapokuwa umetulia.

Kuna kikwazo kimoja ambacho sikukiona kikiandikwa popote nilipoanza, nikajifunza kwa kulowa. Hapa Dar es Salaam, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maana yake ni kwamba saa ileile ambayo upepo ni mzuri kuliko zote, ufuo haupo. Kuna ukanda mwembamba wa mchanga, miamba ya matumbawe, na watu wote wa Jumamosi wamebanana humo. Siku za maji mafu, yaani kati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka, alasiri bahari huwa imerudi nyuma na kutuachia uwanja. Kwa hiyo ratiba yetu inafuata mwezi, na mwanachama mpya anayelalamika kwamba tumeruka Jumamosi moja huonyeshwa jedwali la maji badala ya kujibiwa.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Tiara yetu ya kufundishia ni ile ya pembe nne: uti wa sentimita 80, ufito wa kukingama wa sentimita 70, zikipishana sentimita 20 kutoka kichwani. Tunatumia mwanzi uliopasuliwa na kulainishwa kwa kisu. Chelewa za mnazi zinafaa kwa tiara ndogo za watoto, kwani kwenye kubwa hupinda. Zamani wengi wetu tuliwamba kwa mifuko ya plastiki ya dukani, lakini tangu ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 tumerudi kwenye karatasi na gundi ya unga wa ngano, na kwa tiara za kudumu tunafumua miavuli mibovu, ambayo nailoni yake ni nyepesi, haipitishi upepo na hupatikana bure kila masika. Uzi uwe wa kusokotwa. Mshipi wa kuvulia una nguvu, nakubali, lakini hauonekani angani na hukata vidole. Mimi nina kovu kwenye kidole cha shahada, na sihitaji ushahidi mwingine.

Sasa nifike kwenye kiini. Kati ya tiara kumi zinazoletwa kwangu kwa sababu "hazipandi", labda moja ina kasoro ya ufito au karatasi. Tisa zina kasoro ya hatamu. Hatamu ndilo jina tunalolitumia klabuni kwa ule uzi mfupi ufungwao mbele ya tiara sehemu mbili, juu kwenye njia panda ya fito na chini karibu na mwisho wa uti, ukaachwa umelegea kama mpini wa kikapu. Uzi mrefu wa mkononi hufungwa juu ya huo, mahali fulani kati ya ncha zake mbili. Mahali hapo ndipo panapoamua kila kitu, kwa kuwa ndipo panapoipangia tiara iukabili upepo kwa mwinamo gani. Watu wengi hufunga hapo fundo la kudumu, tena katikati kabisa kwa sababu katikati panaonekana pa haki, kisha wanashangaa. Sisi huweka pete ndogo ya funguo, ikashikwa kwa kitanzi kinachoweza kusogezwa kwa kucha lakini kinachokaza uzi unapovutwa.

Kabla ya kuirusha, inyanyue tiara kwa pete hiyo na uiache ining'inie, uso wake ukitazama juu. Kichwa kinyanyuke kidogo kuliko mkia. Kikilala sawa na mkia au kikainamia chini, pete iko nyuma mno, na kikisimama wima, iko mbele mno. Hapo umepata mwanzo tu, kwa sababu hakimu ni upepo wa siku hiyo. Tiara ikivuta kwa nguvu lakini haipandi, ikabaki chini ikiyumba kulia na kushoto au kuzunguka, imesimama mno mbele ya upepo: sogeza pete kuelekea kichwani. Ikipanda haraka kisha ikalegea, ikapepesuka juu ya kichwa chako na kuangukia pua, imelala mno: sogeza pete kuelekea mkiani. Na ninaposema kusogeza nina maana ya nusu sentimita, upana wa punje ya mchele au mbili. Nimemwona kijana wa kidato cha pili akisogeza pete kwa kiasi hicho, tiara iliyomsumbua saa nzima ikapanda mara moja kama iliyoitwa, naye akabaki ameushika uzi mdomo wazi, akinitazama mimi badala ya kuitazama tiara.

Mkia nao umeeleweka vibaya. Watu hudhani kazi yake ni uzito, wakafunga kitambaa kizito au hata kijiwe, ilhali kazi yake ni kukokota: unavutwa nyuma na upepo na hivyo kuinyoosha tiara kila inapotaka kugeuka. Mkia mzuri ni mrefu na mwepesi, mara tano au sita ya urefu wa uti, wa vipande vya karatasi ya shashi. Tiara iliyopindwa kwa nyuma kama upinde haihitaji mkia kabisa, na umbo hilo ndilo lililompatia jina Mmarekani William Eddy katika miaka ya 1890, ila kuupinda ufito sawasawa pande zote mbili kunadai mkono uliozoea.

Kuirusha kwenyewe kukiandaliwa hivyo ni kazi ya dakika moja. Mwenye uzi anasimama akiupa upepo mgongo. Mwenzake anaibeba tiara mita 25 hivi kule upepo unakoelekea, anainyanyua juu ya kichwa, kichwa cha tiara juu, na anaiachia bila kuirusha. Mwenye uzi anavuta kwa mikono, hatua mbili za kurudi nyuma zikihitajika, basi. Uzi ukiwa tayari ni mrefu, tiara huivuka ile hewa ya chini inayopunguzwa kasi na mchanga na vichwa vya watu, ikafika kwenye upepo ulionyooka.

Nyaya za umeme hatuzikaribii, wingu la mvua likionekana tunashusha, na karatasi hatuirushi mawimbi yakishaanza kutoa povu jeupe kila mahali. Sharti la nne tuliliongeza kwa kosa langu. Alasiri moja ya kusi nilipuuza povu hilo kwa kuwa nilitaka kuwaonyesha wageni tiara mpya, uzi ukakatika, na tiara ikashuka polepole kwa madaha hadi kwenye meza ya muuza mihogo, mkia ukaingia moja kwa moja ndani ya karai la mafuta. Nilifika nikihema. Yule mama aliutoa mkia kwa mwiko, akaukung'uta, akaniuliza bila hata kukunja uso, "Mwalimu, na huu tuutilie pilipili?" Nikamlipa mafuta yake, na tangu siku hiyo hakuna anayerusha pakiwa na majiko upande upepo unakoelekea.

Kushusha ndiko kunakowashinda hata waliozoea, kwani upepo ukiwa mkali kuzungusha uzi ni kuikaribisha tiara ije kwa kasi na kujibamiza. Tunafanya hivi: mmoja anabaki na kibao cha uzi bila kuzungusha chochote, mwingine anavaa glavu, anaupitisha uzi chini ya kiganja na kutembea polepole kuielekea tiara, akiukandamiza uzi chini kadiri anavyokwenda. Tiara inashuka hatua kwa hatua bila kujua, hadi anapoidaka kwa mkono kwenye hatamu. Kisha anarudi nayo huku mwenzake akikunja uzi kwa umbo la nane, kushoto na kulia ya kibao, kwa sababu ukiuzungusha kwenye kopo kwa mkupuo mmoja utausokota, na Jumamosi inayofuata mtautumia muda wenu wote kufumua mafundo.