Kihisi cha vumbi na mvuke wa birika

Kila mwaka, kipindi cha kwanza cha somo la vihisi, naingia darasani na birika la umeme. Wanafunzi hudhani nimekuja kupika chai. Nachomeka birika, pembeni naweka kihisi cha vumbi chenye ukubwa wa kibiriti, nakiunganisha na kompyuta, tunasubiri. Maji yakitokota na mvuke ukakipitia, namba kwenye skrini zinapaa kana kwamba kuna mtu kachoma tairi mle ndani. Moshi hakuna, vumbi hakuna. Ni maji tu.

(Kihisi nasema kwa makusudi. Wengi tunasema sensa, ila sensa kwa wenye fedha ni ile ya kuhesabu watu. Niliwahi kuomba pesa za "sensa 20" nikaulizwa nahesabu watu wa mtaa gani.)

Kilichomo ndani ya kibiriti kile ni kitu rahisi. Feni ndogo inavuta hewa, mwali wa leza unaimulika, na kila chembe inayopita inatawanya mwanga unaodakwa na jicho la pembeni. Kwa mng'ao huo kifaa kinakadiria chembe ni ngapi na zina ukubwa gani, kisha kinakisia uzito. Kinakisia! Hakijapima uzito wa chochote. Tunachotafuta ni PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, na unywele wa mtu una kama 70. Hizo ndizo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kosa la mikrogramu chache tu linatosha kuharibu hesabu yote.

Sisi wa Dar es Salaam tuna tatizo la ziada, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari unaleta chembe za chumvi, na unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 chumvi inaanza kunyonya maji mpaka inayeyuka. Aliyefungua kopo la chumvi jikoni wakati wa masika hahitaji kuelezwa. Chembe ikivimba inang'aa zaidi mbele ya leza, na kihisi kinaandika uchafu ambao haupo. Asubuhi moja kijana wangu alinipigia simu kabla sijanywa chai: "Shikamoo mwalimu, hewa imechafuka mno huku juu ya paa!" Nikamwambia apitishe kiganja kwenye bomba la reli ya paa. Kililowa chepechepe.

Mizani ya sokoni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa mawe ya uzito unaojulikana. Kihisi nacho kinataka jiwe lake. Kwetu ni mashine kubwa inayokausha hewa, inanasa vumbi kwenye utepe wa chujio, kisha inapitisha miale ya beta na kuangalia imepungua kiasi gani. Hiyo inapima uzito kweli, na bei yake ni ya gari. Tunaweka kihisi ubavuni mwake kwa miezi, kisha tunaifundisha kompyuta: kihisi kikisema hivi, joto likiwa hivi na unyevu hivi, mashine kubwa ilisema nini? Wenzetu wa mradi wa AirQo, Chuo Kikuu cha Makerere, walifanya hivyo Kampala. Kwa mbinu ya msitu wa miti ya maamuzi (miti mingi ya maswali ya ndiyo au hapana, kisha unachukuliwa wastani wa majibu yake), kosa la PM2.5 lilishuka kutoka mikrogramu 18.6 hadi 7.2.

Hapo ndipo wanafunzi wangu hunogewa, na hapo ndipo hukosea. Wanachukua data za kila saa, wanazichanganya kama karata, asilimia 80 za kufundishia, 20 za mtihani, wanakuja na matokeo ya kupendeza mno. Nawauliza: saa tatu asubuhi imo kwenye mafunzo, saa nne imo kwenye mtihani, saa tano imo kwenye mafunzo. Hewa inabadilika kiasi gani ndani ya saa moja? Kimya. Modeli, yaani ile hesabu tuliyoifundisha kompyuta, haikujifunza kitu, imedesa. Imekaa katikati ya majirani wawili wenye majibu, ikaandika wastani wao.

Siku hizi sikubali kazi iliyogawanywa hivyo. Fundisha kwa miezi ya kaskazi, tahini kwa masika. Mwaka wa kwanza tulipojaribu, modeli iliyokuwa fahari ya darasa iliboronga, kwa sababu asubuhi zenye unyevu mzito namna ile haikuwahi kuziona. Hesabu nyepesi ya mstari ulionyooka, yenye unyevu kama kigezo, ilifanya vizuri kuliko msitu wote ule. Msitu haujui kukisia nje ya ulichokiona. Mstari angalau unaendelea kwenda. Yule kijana wa kiganja alichukia kweli, maana alikesha siku tatu kuupanda huo msitu.

Na modeli ya Kampala je, tuiazime? Kampala iko juu ya mita 1,100 na haina bahari. Tumeiweka kando. Vihisi vyetu viwili vipo juu ya paa tangu kusi ianze, kimoja kina buibui kwenye feni, na vijana wanasubiri vuli.