Je, wajua kwa nini basi la umeme, nafuu barabarani, hugeuka ghali likifika benki?

Basi la dizeli la mita 12 linalozunguka mjini hunywa lita 35 hadi 45 kwa kila kilomita 100. La umeme lenye ukubwa huohuo hutumia kilowati-saa 1 hadi 1.5 kwa kilomita, halibadilishwi oili ya injini, halina nozeli za kuziba wala ekzosi ya kutoboka. Hata breki zake hudumu zaidi, kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Kuliendesha ni nafuu, na hilo halibishaniwi sana tena. Mbona basi miji mingi ingali inaagiza dizeli?

Jibu liko kwenye namna ya kulipa. Mafuta hulipwa kidogo kidogo, kila siku, kutoka kwenye nauli za siku hiyo. Basi la umeme hudai sehemu kubwa ya gharama zake za maisha yote kabla halijabeba abiria hata mmoja. Kwa hiyo anayelinunua ananunua pia mkopo mrefu, na bei ya mkopo huo ndiyo huamua kama unafuu utabaki au utaliwa.

Tupige hesabu kwa mfano. Chukulia basi la dizeli linauzwa 100, sarafu yoyote ile, na la umeme 200. La umeme linaokoa 15 kwa mwaka kwenye nishati na matengenezo, na litadumu miaka 12. Kwa haraka, 15 mara 12 ni 180, na nyongeza ya bei ni 100 tu, kwa hiyo faida ipo. Lakini hiyo 100 ni ya kukopa. Kwa riba ya asilimia 5 na mkopo wa miaka 12, rejesho ni takriban 11.3 kwa mwaka, na kila basi linaacha ziada ya karibu 3.7. Kwa riba ya asilimia 15, rejesho hupanda hadi 18.4, na kila basi linakula zaidi ya 3 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mji. Benki ikigoma kutoa miaka 12 na kukubali mitano tu, kama ambavyo mikopo mingi ya magari hutolewa, rejesho kwa riba hiyohiyo ya 15 hukaribia 30, mara mbili ya kinachookolewa. Basi ni lilelile na barabara ni ileile. Mpaka kati ya faida na hasara katika mfano huu uko karibu na riba ya asilimia 10.

Wengine hudhani dawa ni kukopa nje, ambako riba ni ndogo. Tatizo ni kwamba nauli hukusanywa kwa sarafu ya nyumbani. Mkopo wa dola wenye riba ya asilimia 5, dola ikipanda kwa asilimia 8 kila mwaka dhidi ya sarafu hiyo, unagharimu kama mkopo wa asilimia 13.4. Ule mpaka wa 10 umeshavukwa, wala hakuna aliyeongeza riba.

Na miji mingi haifiki hata kwenye meza ya kukopa. Benki ya Dunia iliwahi kukadiria kwamba kati ya miji 500 mikubwa ya nchi zinazoendelea, inayokopesheka kwenye masoko ya fedha ya kimataifa ni takriban asilimia 4, na kwenye masoko ya ndani asilimia 20. Mingine hairuhusiwi na sheria kukopa bila serikali kuu, mingine haina hesabu zilizokaguliwa za kumwonyesha mkopeshaji. Hapa ndipo hatifungani za kijani, yaani hati za mkopo ambazo mji huwauzia wawekezaji ili kugharimia miradi ya mazingira, hutajwa kana kwamba ni fedha mpya. Göteborg ya Sweden ilitoa yake mwaka 2013 na Johannesburg mwaka 2014, na ni njia nzuri kwa mji wenye mapato yanayoaminika. Lakini hatifungani ya kijani ni deni kama deni jingine. Rangi yake haimlipi mwekezaji. Anayelipa ni kodi na tozo za mji uleule, na kama hizo zinasuasua, kijani hakitaziongeza.

Santiago, mji mkuu wa Chile, ulitafuta njia nyingine. Badala ya kuuliza ni nani ana fedha za kununua mabasi, uliuliza ni nani anaweza kukopa kwa bei nafuu kuliko wote, kisha huyo ndiye akapewa kazi ya kuyamiliki. Mwishoni mwa 2018 mabasi 100 ya kwanza yalinunuliwa na kampuni ya nishati, Enel X, na kukodishwa kwa mwendeshaji, Metbus. Kampuni ya nishati ina mizania kubwa na historia ndefu ya kulipa madeni, hivyo hukopeshwa kwa masharti laini kuliko kampuni ya mabasi inayoishi kwa nauli. Kiungo muhimu zaidi kilikuwa kwenye malipo: mamlaka ya usafiri, inayokusanya nauli za mfumo mzima, humlipa mmiliki wa mabasi moja kwa moja kutoka kwenye fungu la mwendeshaji. Mwendeshaji akifilisika, basi na mkataba wake vinahamia kwa mwendeshaji mwingine, na rejesho linaendelea. Mkopeshaji hapo haangalii tena afya ya kampuni moja ya mabasi, anaangalia mfumo mzima wa nauli. Kufikia 2023 Santiago ulikuwa na mabasi ya umeme zaidi ya 2,000.

Shenzhen nchini China ulimaliza kubadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, mwishoni mwa 2017, kwa ruzuku kubwa ya serikali pamoja na ukodishaji. Miji isiyo na ruzuku ya namna hiyo ina mengi zaidi ya kujifunza kwa Santiago.

Fedha zikipatikana, kazi ya mezani ndiyo inaanza, na makosa yake ni ya bei mbaya. La kwanza ni kununua mabasi kabla ya kusafisha njia. Idadi ya mabasi ya njia moja hupatikana kwa kugawa muda wa mzunguko kwa nafasi kati ya basi na basi. Mzunguko wa dakika 120, basi kila dakika 6, unahitaji mabasi 20, mbali na ya akiba. Yakipewa njia yao maalumu na mzunguko ukashuka hadi dakika 90, abiria walewale wanahudumiwa vilevile na mabasi 15. Mabasi matano hayanunuliwi kabisa. Hakuna riba nafuu inayoshinda basi ambalo halikuhitajika, na ndiyo maana mimi ningeweka rangi na vizingiti vya kutenga njia ya basi, na taa za kipaumbele kwenye makutano, kabla ya kusaini agizo lolote. Tena yale 15 yanakimbia kilomita nyingi zaidi kila moja kwa siku, na ziada ya basi la umeme hutokana na kilomita. Katika mfano wetu, basi linalotembea nusu ya kilomita zilizopangwa huokoa 7.5 badala ya 15, na hata kwa riba ya asilimia 5 halijilipi.

Kilomita zina kikomo, nacho ni betri. Betri ya kilowati-saa 350, ukiacha asilimia 20 isiguswe ili isichoke mapema, inabaki na 280 za kutumia. Kwa 1.3 kwa kilomita, hizo ni kilomita 215. Ratiba ya kilomita 200 kwa siku inaonekana salama. Ila siku ya joto au baridi kali kiyoyozi hupandisha matumizi hadi 1.8, na basi linaishia 155. Na betri ikizeeka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, hata siku ya kawaida inafika 172 tu. Anayepanga ratiba kwa namba za kipeperushi cha muuzaji huishia kununua mabasi ya nyongeza miaka michache baadaye, au kujenga chaja za haraka kwenye vituo vya mwisho ambazo hazikuwa kwenye bajeti.

Kisha depo, yadi ambako mabasi hulala na kuchajiwa. Mabasi 100 yakitembea kilomita 200 kila moja yanahitaji karibu kilowati-saa 29,000 kwa usiku, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Yakichajiwa kwa zamu ndani ya saa sita, depo inavuta megawati 4.8. Yote yakichomekwa kwa pamoja kwenye chaja za kilowati 80, inavuta 8. Tofauti hiyo huamua ukubwa wa transfoma na nyaya, na palipo na tozo ya kilele cha matumizi, inayopimwa kwa umeme mwingi zaidi uliovutwa kwa wakati mmoja, huonekana kwenye bili ya kila mwezi. Programu ya kupanga zamu ni rahisi kuliko transfoma ya pili. Maombi ya laini ya umeme yapelekwe kabla ya zabuni ya mabasi, kwa sababu mara nyingi laini huchukua muda mrefu kuliko mabasi, na basi lililoegeshwa likisubiri umeme linadaiwa rejesho kama kawaida.

Na hewa ukaa je? Basi la dizeli linalotumia lita 40 kwa kilomita 100, likitembea kilomita 60,000 kwa mwaka, hutoa takriban tani 64 kupitia ekzosi. La umeme litatumia karibu kilowati-saa 86,000. Gridi ikitoa kilo 0.3 za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, hizo ni tani 26. Gridi ya makaa ya mawe yenye kilo 0.8 hufikisha tani 69. Moshi wa mtaani unaondoka hata hivyo, na hilo ni jambo kubwa kwa mapafu ya watu, lakini anayeomba fedha za tabianchi lazima aonyeshe namba ya gridi yake na mpango wa kuishusha.

Kuna kifungu kimoja cha mkataba ambacho hurukwa mara nyingi: nani anabeba hasara betri ikizeeka kabla ya wakati. Mtengenezaji ndiye anayeifahamu, hivyo dhamana yake ifuate muda wote wa mkopo, na itaje kiwango cha uwezo kinachopimika, mfano asilimia 80, pamoja na nani anapima na kwa njia gani. Mkataba usiposema hivyo, mwendeshaji hujilinda mwenyewe kwa kupandisha bei anayoutoza mji kwa kila kilomita, na mji unalipia hofu hiyo kila siku hata kama betri haina kasoro yoyote.